Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Jumanne asubuhi, saa kumi na moja na nusu, Mbayo aligeuza ufunguo, na gari likakohoa mara tatu, likanyamaza. Akageuza tena. Starta ilizunguka vizuri, taa zote za dashibodi ziliwaka, na tangi lilikuwa limejaa tangu jana yake. Kila kitu kilikuwa tayari kwa safari isipokuwa gari lenyewe.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi mama mkwe wake, Mama Mushiya, na kati yao lilining'inia pazia la kitenge cha maua ya njano. Msicheke. Mbayo na mkewe Abigaëlle ni Waluba wa kaskazini ya Katanga, na katika familia zao kuna heshima iitwayo buko. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawasemeshani ana kwa ana, na kushikana mikono ndiyo usiseme. Mbayo alikuwa ameoa miaka kumi na minne, na mama mkwe wake alimjua kwa kisogo tu. Likitokea neno, sharti lipitie kwa Abigaëlle, hata kama wote watatu wamo ndani ya gari moja na masikio yao ni mazima.

"Abigaëlle, ambia bwana yako asichokeshe batri," ilisema sauti nyuma ya kitenge.

"Mama anasema usichokeshe batri."

"Ambia Mama nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Safari yenyewe ilikuwa ya Fungurume. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwenye zahanati moja ya misheni kwa wiki moja tu, mwisho Ijumaa, na walikuwa wanatoa mtoto wa jicho bila malipo. Mama Mushiya alikuwa naye macho yote mawili. La kulia lilikwisha kuwa jeupe, la kushoto liliweza kutofautisha mlango na ukuta, basi. Jina lake lilikuwa limeandikwa, lakini mgonjwa alitakiwa afike kabla ya saa tatu asubuhi, na basi la Fungurume huondoka Kolwezi likishajaa, na hakuna ajuaye litajaa lini. Tena gari hilo lilikuwa la marehemu mumewe, Mzee Stany. Alipokuwa akimkabidhi Mbayo gari hilo mbele ya ukoo mzima alisema maneno ambayo kila mtu aliyakumbuka: "Hii motokari ni miguu ya mama yenu."

Na sasa miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mvua ndogo ilikuwa inanyunya, ile ya Januari isiyo na haraka. Mbayo alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua, akaifunga. Saa mbili Mama Mushiya alishuka, akashikwa mkono na bintiye, akarudi kitandani kwenye chumba cha wageni. Hakulalamika.

Saa tano, jua lilipotoka mawinguni, alifika fundi Amadi. Watu wa kwao walitoka Maniema wakiwa wasafirishaji, na yeye mwenyewe hakuna injini ya mtaa wa Manika ambayo hajawahi kuitukana. Aliketi, akagusa ufunguo, na gari likawaka hapo hapo, likaunguruma kwa furaha.

"Tata Mbayo," Amadi alisema, "hii motokari iko muzima. Mugonjwa ni weye."

"Amadi, nakuapia, asubui ilikataa! Uliza bibi yangu Abigaëlle."

Amadi alifungua boneti, akapiga mluzi. "Motere inangala hivi! Mtu anaweza kulia bukari juu yake, kama sahani ya ugali." Kisha akakuna kichwa. "Ni baridi ya mvula tu. Motokari za zamani zikiona maji kidogo mu delco, zinakataa." Delco, kwa wasiolijua, ni kile kikopo kinachogawa moto wa umeme kwa buji, yaani plagi; kikiingia unyevu, moto unapotea njiani na injini haiwaki. "Tafuta bashi ya turubai, uifunike usiku. Itapona."

Mbayo alifurahi. Alikuwa amepata jina la ugonjwa, na jina la ugonjwa ni nusu ya usingizi.

Jumatano madaktari walikuwa wanashughulikia watoto tu, kwa hiyo hapakuwa na safari. Turubai hakuwa amenunua bado. Usiku kucha mvua ilipiga mabati mpaka wakashindwa kusikilizana, na asubuhi ua ulikuwa bwawa la tope jekundu. Mbayo, karani wa mizani kwenye depo moja la madini barabara ya Mutoshi, alitoka akijua ataenda kazini kwa pikipiki. Akajaribu ufunguo kwa kubahatisha tu. Gari likawaka kwa mguso wa kwanza.

Alikaa pale ndani, mikono juu ya usukani, asijue afurahi au akasirike. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya boneti. Ikiwa tatizo ni unyevu, basi leo ndiyo ilikuwa siku yake! Alipomweleza Amadi kwa simu, Amadi akasema, "Alors si delco. Sijui, tata. Mungu ndiye anajua."

Jioni hiyo Mbayo alinunua turubai, kwa sababu akili iliyochanganyikiwa hushika chochote. Akaliandaa gari kama alivyoliandaa Jumatatu. Alitandika shuka safi kwenye kiti cha nyuma, akafunga tena kitenge, akachota maji ndoo kwa ndoo akaliosha. Vumbi la Kolwezi mnalijua, na la kule kwenye depo ndilo baba yao. Huingia kwenye bawaba, kwenye redio, kwenye meno. Mbayo hakutaka mama mkwe wake apande uchafu. Alisugua magurudumu, akasugua milango, akafungua boneti akamwaga ndoo mbili za maji na sabuni, mpaka chuma kikaonyesha rangi yake. Kisha akafunika kote kwa turubai, akafunga kamba, akaingia kula.

Alhamisi asubuhi gari lilikataa. Halikukohoa hata.

Sasa mkanganyiko ukawa wa nyumba nzima. Mbayo alibadilisha buji zote nne pale pale kwenye manyunyu, vidole vimekufa ganzi. Aliazima betri ya jirani. Alinusa mafuta, akapuliza mpira wa mafuta kwa mdomo mpaka akatapika. Jirani huyo mwenye betri alimvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba jambo hili si la fundi: marehemu Mzee Stany hapendi mkwe na mama mkwe kupanda gari moja, pazia au si pazia. Mbayo alimwambia aache upuuzi, halafu akakaa mchana kutwa akiufikiria huo upuuzi. Siku ya kazi, linawaka. Siku ya mama, linakufa. Bila turubai kwenye mvua kubwa, linawaka. Likiwa na turubai kwenye mvua ndogo, linakufa. Angekuwa mtu mwingine anamsimulia, asingemwamini.

Mchana, kama kawaida ya uchokozi wake, gari likawaka bila kutengenezwa. Amadi hakuja hata kulitazama.

Lililomuumiza zaidi halikuwa gari. Miaka ya nyuma, Mbayo alipofukuzwa kazi, asubuhi moja alikuta mlangoni gunia la unga wa mahindi na chupa ya mafuta ya mawese, bila ujumbe, bila salamu, na nyayo za ndara za mama mkwe zikielekea kwenye kituo cha basi. Hakuwahi kushukuru, maana buko haimpi mtu nafasi ya kushukuru. Safari hii ya Fungurume ndiyo ingekuwa asante yake. Akaanza kujishuku: labda ndani yake kuna kitu kisichotaka kumpeleka, na mkono wake unakitii bila yeye kujua.

Alhamisi jioni aliosha tena. Aliosha kwa hasira na kwa heshima, ndoo tatu safari hii, akafunika.

Ijumaa, siku ya mwisho, gari lilikataa.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, ukungu umelala juu ya mabati, na simu ya Abigaëlle ikalia. Ni Kyungu, kaka yake, kutoka Likasi. Hakuhitaji kuweka spika. Kyungu akiongea kwa simu, mtaa unasikia.

"Leo ni vendredi! Mama yuko Fungurume?"

"Motokari haiwake, kaka."

"Haiwake kila siku ya Mama tu? Bwana yako anatufanya batoto? Ile motokari ni ya baba yetu. Ntakuya kuikamata mwenyewe."

Abigaëlle alikata simu. Alikuwa mwanamke mpole, na ndiyo maana maneno yake yalimkata Mbayo kuliko ya Kyungu.

"Mi nilikutetea siku tatu," alisema, akisimama kwenye manyunyu bila kujifunika. "Leo sina neno tena. Kama haukutaka, ungesema tu. Tungetafuta njia ingine. Mama anaenda kukosa macho, Mbayo. Juu ya nini?"

"Abi, mi sijui. Kweli kabisa mi sijui."

"Naenda kutafuta taxi ku rond-point ya barabara kubwa. Nikikosa, kesho mi na Mama tunaenda kwa Kyungu. Utabaki na motokari yako."

Akaondoka mbio, akiinua kitenge chake juu ya madimbwi. Mbayo alitaka kumfuata, akakumbuka mama mkwe yumo garini na hawezi kuachwa peke yake, akataka kukaa, akakumbuka hawezi kukaa naye peke yake. Akaenda mbele ya gari, akafungua boneti ili ajifiche nyuma yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alishukuru kwamba mvua ilikuwepo.

"Mbayo."

Aligeuka kumtafuta Abigaëlle. Abigaëlle hakuwepo.

"Mbayo. Ni mi nakuita."

Miaka kumi na minne, na hakuwahi kusikia jina lake katika mdomo ule. Damu ilimpanda masikioni. Hakujua atazame wapi, akaitazama taa ya kushoto ya gari, akaijibu hiyo taa.

"Ndiyo, Mama."

"Jana mangaribi, kisha kuosha milango, ulimwanga maji wapi?"

"Mu motere, Mama. Juu ya vumbi. Sikutaka upande mu buchafu."

"Na lundi mangaribi, mbele ya safari ya kwanza?"

"Vile vile."

"Na mardi?"

Jumanne jioni Mbayo hakuwa ameosha. Jumatano hapakuwa na safari, na gari liliwaka. Alibaki ameinama juu ya injini inayong'aa, na siku zote nne zikajipanga kichwani mwake moja baada ya nyingine. Alikuwa amemwaga maji kwenye delco kwa mikono yake mwenyewe, halafu akafunika turubai ili unyevu usipate pa kutokea. Mvua haikuwa na kosa, turubai halikuwa na kosa, marehemu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa usafi wake.

"Bwana yangu aliosha hii motokari miaka kumi na tisa," sauti iliendelea. "Milango, pneu ya magurudumu, vioo. Mu motere alipitishaka kitambaa kikavu tu. Fungua delco. Futa ndani. Kama hauna kitambaa, tosha singlendi, inakuwaka kavu."

Mbayo alivua shati lililolowa, akavua fulana ya ndani. Akafyatua vibanio viwili vya kifuniko cha delco, akakigeuza. Matone yalikuwa yamekaa ndani, manene, yametulia kama yamelipa kodi. Akafuta. Akakimbia jikoni ambako mbabula ya chai ilikuwa bado ina makaa, akasikia nyuma yake: "Pembeni ya moto, si juu! Bwana yangu aliunguzaka moja!" Alikishika pembeni mpaka kikawa kikavu na cha vuguvugu, akarudi, akakifunga. Akaingia nyuma ya usukani kifua wazi. Akageuza ufunguo.

Gari likawaka.

Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetoka shimoni. Ndipo swali jipya lilipomwingia, na lilikuwa baya kuliko yote ya wiki ile. Aliliuliza akitazama kioo cha mbele.

"Mama. Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu lundi mangaribi," Mama Mushiya alisema. "Macho imekufa, lakini masikio iko. Nilikuwa kwa dirisha. Nilisikia maji inaanguka juu ya chuma ya moto, tsss. Nikasema mu roho, kesho hatuende."

"Juu ya nini haukuambia Abigaëlle?"

"Nilikuwa na woga." Sauti ilikuwa imeshuka sana. "Banasema banakatula jicho na kisu na we uko unajua. Unasikia. Kila asubui nilikuwa napanda humu, natetemeka, na ukigeuza funguo ikikataa, nilikuwa nasema asante. Batoto yangu banakuona mutu mubaya, na mi nasema asante. Leo nimesikia vile Abigaëlle amekuambia. Nikashindwa."

Hasira ilimpanda Mbayo kweli kweli: siku nne, vidole vyake, buji mpya, jina lake lililovutwa matopeni mpaka Likasi. Ikampanda, ikafika kooni, ikakuta pale neno woga, likiwa limesemwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumwomba chochote. Ikakosa pa kupita. Alivaa shati lake la maji akafunga vifungo vibaya.

Abigaëlle alirudi akihema, bila teksi, akasikia injini kabla hajaona gari. Akasimama getini, mkono kifuani.

"Ilikuwa nini?"

"Ni mi," Mbayo alisema. "Nilikuwa namwanga maji mu delco wakati naosha. Panda, tutachelewa."

"Na nani amekuonyesha?"

Mbayo aliangalia usukani. "Panda kwanza," alisema, na Abigaëlle akapanda, akaanza kulia na kumpiga begani kwa kiganja, akimwomba msamaha na kumtukana kwa wakati mmoja. Walipita barabara ya Kingamyambo, wakaingia kwenye foleni ya malori ya shaba, na Mbayo aliyapita moja moja kwa ujasiri ambao hakuwahi kuwa nao.

Walifika saa tatu kasoro dakika kumi. Kwenye benchi la zahanati walikuwa wamekaa wazee wenye bandeji jicho moja, wakisubiri kwenda makwao. Muuguzi alisoma jina la Mama Mushiya kwenye orodha, akaliwekea alama.

"Mutu moja tu anaingia naye," alisema. "Atakaa naye mu chumba ya kutiwa dawa, atamushika mukono mpaka dokta akuye."

Abigaëlle alisimama, akajipangusa kitenge. Mama Mushiya hakuinuka.

"Si weye," alisema. "Bwana yako."

Abigaëlle alicheka, akidhani ni mzaha. "Mama! Na buko?"

"Buko niliijua mbele ya kukuzaa. Tutatafuta mbuzi, tutaomba msamaha kwa bazee. Leo nataka bwana yako. Ye ndiye anajua vile niko."

"Anajua nini?" Abigaëlle aliuliza, akimtazama mama, akimtazama mume. Sasa ilikuwa zamu yake kutoelewa.

Mbayo aliangalia ukuta, akaangalia sakafu, akaangalia kucha zake zenye grisi. Hakuna aliyewahi kumfundisha jambo hili linafanywaje. Akanyoosha mkono, akaukuta wa mama mkwe tayari uko hewani ukimtafuta. Ulikuwa mdogo, wa baridi. Akaushika kwa nguvu kuliko alivyokusudia, wakaingia.

Ndani mlikuwa na viti viwili na dirisha. Muuguzi alipogeuka kutafuta dawa, Mbayo aliinua macho. Uso ulikuwa mwembamba, na kidevu cha Abigaëlle kilikuwepo pale pale, na mdomo ulikuwa umekazwa kama wa mtoto anayesubiri sindano.

"Uko unaniangalia?" Mama Mushiya aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Bon. Kesho bakinifungua, mi pia nitakuangalia."

Muuguzi akarudi, akamwambia ainue kidevu, na tone la kwanza la dawa likaingia jichoni.